Ndege Iliyoishinda Risasi kwa Mbio

Tuseme askari yuko zamu usiku huko Abuku, wilayani Koboko, katika pembe ile ya kaskazini-magharibi ya Uganda iliyo jirani na Kongo na Sudani Kusini. Mkononi ameshika bunduki ambayo wengi wenu mmeizoea, ile iliyobuniwa na Kalashnikov. Risasi yake hutoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo wa mita 715 hivi kwa sekunde, kisha hupungua kasi kadiri inavyokwenda mpaka ikaanguka. Sasa tuseme kwamba juu ya kichwa cha askari huyo, kilomita 24 kutoka ardhini, inapita ndege yenye urefu wa mita 32 na ushei, yenye watu wawili ndani yake, nayo inakwenda zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Risasi huchoka, ndege hii haichoki. Yaweza kuendelea na mwendo huo kwa muda wa saa nzima kabla ya kuhitaji mafuta mengine.

Ikiwa inaelekea kusini, itafika juu ya mji wa Arua kabla dakika moja haijatimia, na kutoka Arua hadi Kampala itatumia dakika 6 tu. Askari wetu hatasikia kitu inapompita. Mlio wake utamfikia baada ya dakika moja na zaidi, mlio mzito kama mizinga miwili iliyofyatuliwa kwa kufuatana, na wakati huo ndege imekwisha kuiacha Arua nyuma yake.

Huu ni mfano tu, ndugu msomaji. Hatusemi kwamba ndege hiyo iliwahi kupita Abuku. Lakini ndege yenyewe si hadithi. Ni SR-71 ya Marekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1964, na ambayo kwa ajili ya rangi yake waliibandika jina la Ndege Mweusi. Mtu aliye katika kimo chake juu ya Abuku ana upeo wa zaidi ya kilomita 500 kila upande. Juba, Ziwa Albert, milima ya Ruwenzori na Kampala yenyewe, vyote vimo ndani ya duara hiyo. Kwa saa moja ndege hii iliweza kupeleleza eneo la kilomita za mraba zipatazo 260,000, ilhali Uganda nzima, pamoja na maziwa yake, ni kilomita za mraba 241,000 hivi.

Je, chombo cha namna hii hutengenezwaje? Na je, jicho linaloona yote hayo huona kweli kila kitu? Maswali haya mawili yanamhusu kila mtu ambaye kazi yake ni kulinda.

KIMO KILIPOKOMA KUWA NGAO

Tangu zamani kila jeshi limetaka kujua kilichoko upande wa pili wa kilima. Kamanda alipanda mti, au alimtuma mpelelezi atambae majanini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani na Urusi ya Kisoviet zilipokuwa zikitazamana kwa shaka, kilima kilichozitenganisha kilikuwa na upana wa nusu ya dunia. Mwaka 1955 kampuni ya Lockheed, chini ya uongozi wa mhandisi Clarence Johnson, ilirusha ndege ya U-2. Ilikuwa nyepesi, yenye mabawa marefu kama ya tai, nayo iliweza kupanda hadi futi 70,000, mahali ambapo ndege za kivita za siku zile hazikuweza kufika.

Lakini kimo hicho kilikuwa na gharama yake. Huko juu hewa ni haba mno. Rubani akipunguza mwendo kidogo, mabawa hayana cha kushika na ndege huanguka. Akiongeza kidogo, ndege hutikisika hata kuvunjika. Penye hatari zaidi, nafasi iliyobaki kati ya maafa haya mawili ilikuwa yapata kilomita 20 tu kwa saa. Rubani alikuwa kama mtu avukaye mto mpana juu ya gogo moja, tena kwa saa nyingi mfululizo.

Tarehe 1 Mei 1960 rubani Francis Gary Powers aliondoka Peshawar, nchini Pakistani, ili aivuke Urusi ya Kisoviet kutoka kusini hadi kaskazini. Karibu na mji wa Sverdlovsk kombora lilipasuka nyuma ya ndege yake. Powers aliruka kwa mwavuli, akakamatwa, akahukumiwa kifungo, na mwezi wa Februari 1962 akabadilishwa kwa mpelelezi wa Kisoviet juu ya daraja mjini Berlin. Mwaka huo huo, tarehe 27 Oktoba, U-2 nyingine ilitunguliwa juu ya Kuba, na rubani wake, Rudolf Anderson, akafa. Ilidhihirika wazi kwamba kimo peke yake hakikuwa ngao tena. Ilikuwa lazima kuongeza mbio.

Askari ataelewa upesi kwa nini mbio ni ngao. Anayemlenga mnyama akimbiaye hapigi pale alipo mnyama, bali hupiga mbele yake, pale atakapokuwa. Anayelenga kombora naye hufanya vivyo hivyo. Rada huiona ndege, hesabu hupigwa, kombora hufyatuliwa, kisha hupanda. Na katika kila dakika inayopita ndege imesogea kilomita 57. Rubani akikata kona ndogo tu, mahali pa kukutania huhama kwa kilomita nyingi, na kombora hufika penye hewa tupu. SR-71 zilizojengwa zilikuwa 32. Kati ya hizo, 12 ziliangamia katika ajali. Hakuna hata moja iliyotunguliwa na adui, ingawa zilirushiwa makombora mara nyingi.

Soma tena hesabu hiyo, ndugu askari. Adui hakuziweza, lakini makosa, joto na bahati mbaya viliangamiza zaidi ya theluthi moja. Hapo ndipo ilipo habari ya wahandisi.

JOTO KATIKATI YA BARIDI

Katika kimo cha kilomita 24 hewa ina baridi ya digrii 50 na zaidi za sentigredi chini ya sifuri. Hata hivyo ngozi ya SR-71 ilipata joto la zaidi ya digrii 300, kwa sababu ndege iendayo kwa mbio zile haiipi hewa nafasi ya kuipisha. Huisonga na kuibana mbele yake, na hewa iliyobanwa huwaka joto, kama ajuavyo kila aliyewahi kugusa pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu.

Alumini, ambayo ndege nyingi hujengwa kwayo, hulegea katika joto hilo. Warusi, walipojenga MiG-25 yao, walichagua chuma cha pua. Jambo hili lilijulikana vizuri baada ya tarehe 6 Septemba 1976, rubani Viktor Belenko alipoitorosha moja hadi Hakodate, nchini Japani. Chuma hustahimili joto, lakini ni kizito. Lockheed walichagua titani, madini yenye nguvu iliyokaribia ile ya chuma na uzito uliopungua sana. Kichekesho ni kwamba Marekani haikuwa na titani ya kutosha. Muuzaji mkubwa alikuwa Urusi ya Kisoviet yenyewe. Basi ilinunuliwa kwa kupitia kampuni za nchi nyingine, na hivyo Warusi waliuza, pasipo kujua, madini ya kujengea ndege ya kuwapelelezea.

Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki ina mchanga wenye asili ya titani. Kwale, nchini Kenya, mchanga huo ulichimbwa na kusafirishwa ng'ambo tangu mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Lakini sehemu kubwa ya madini ya namna hiyo duniani haiendi kwenye ndege; hutengenezewa rangi nyeupe.

SPANA NA MAJI YA BOMBA

Titani ni madini yenye deko. Mafundi wa Lockheed katika mji wa Burbank waligundua kwamba vipande walivyoviunga wakati wa kiangazi viliharibika mapema, ilhali vile vilivyoungwa wakati wa baridi vilidumu. Walitafuta sababu kwa muda mrefu. Hatimaye walikuta kwamba wakati wa kiangazi mji ulitia klorini nyingi katika maji ya bomba ili kuzuia mwani, na maji hayo ndiyo yaliyotumika kuoshea vipande hivyo. Tangu hapo wakaviosha kwa maji yaliyosafishwa.

Mara nyingine vichwa vya bolti vilikatika vyenyewe vilipopata joto. Baada ya uchunguzi ilionekana kwamba spana zilizotumika zilikuwa zimepakwa kadimi ili zisishike kutu, na chembe za kadimi zilizobaki juu ya bolti ziliila titani. Masanduku yote ya vifaa yakapekuliwa, na kila spana ya aina hiyo ikatupwa. Hebu fikiri: mashine iliyogharimu mamilioni ya dola, iliyoweza kuyashinda makombora, ilikuwa tayari kushindwa na maji ya bomba na spana ya fundi. Wale wenu watunzao ghala la silaha hawahitaji kufafanuliwa maana ya habari hii.

Joto lilileta shida nyingine pia. Ndege nzima ilirefuka angani ilipopata moto. Kwa hiyo matangi yake hayakuweza kuzibwa barabara, na ikiwa ardhini ilivuja mafuta hata sakafu ikalowa. Ili isiwe hatari, yalitengenezwa mafuta maalumu yasiyoshika moto upesi. Hata kiberiti kikitupwa ndani yake huzimika. Mafuta magumu hivyo yalihitaji kiwashio chake, nacho kilikuwa kemikali inayolipuka ikigusa hewa. Kila ndege ilibeba kiasi kidogo cha kemikali hiyo, cha kutosha mara chache tu za kuwasha. Aghalabu ndege iliruka ikiwa na mafuta kidogo, kisha ikakutana angani na ndege ya kubebea mafuta, ikajazwa, ndipo ikapanda kwenda kazini. Ndivyo ilivyokuwa katika kila jambo: dawa ya tatizo moja ilizaa tatizo la pili, na la pili likazaa la tatu, mpaka mhandisi akafika mahali ambapo yote yalivumilika.

MTU ALIYEANGUKA KUTOKA KILOMITA 24

Injini mbili za SR-71 zilitengenezwa na kampuni ya Pratt & Whitney. Lakini injini ya ndege haiwezi kumeza hewa inayokwenda kasi kuliko sauti. Ni lazima hewa ipunguzwe mwendo kwanza. Kazi hiyo ilifanywa na mdomo wa injini, ambao ulikuwa na pia kubwa iliyochongoka mbele. Kadiri ndege ilivyoongeza mbio, pia hiyo ilirudi nyuma, kwa jumla yapata sentimita 66, ili wimbi la hewa iliyobanwa likae mahali pake hasa. Mpango huu ulikuwa wa ajabu kiasi kwamba katika mbio za juu zaidi ya nusu ya nguvu ya kuisukuma ndege ilitokana na mdomo huo wenyewe, si na injini iliyo ndani yake.

Wimbi hilo lilipoponyoka, mambo yaliharibika ghafla. Injini ya upande mmoja ilikosa nguvu huku ya pili ikiendelea kusukuma, na ndege ikageuzwa ubavu kwa kishindo. Tarehe 25 Januari 1966 rubani Bill Weaver na mwenzake Jim Zwayer walikuwa katika safari ya majaribio, wakikata kona kwa mwendo unaozidi mara tatu ule wa sauti, katika kimo cha kilomita 24. Mdomo wa injini ya kulia ukashindwa. Ndege ilipasuka vipande vipande kabla hawajaweza kufanya lolote. Zwayer alikufa. Weaver alipoteza fahamu, na alipozinduka alijikuta angani bila ndege, kioo cha kofia yake kimeganda barafu, naye hakuwa ameligusa kamwe lile tundu la kujirushia nje. Miavuli yake ilifunguka, akatua akiwa hai katika shamba la mifugo huko New Mexico.

Kilichomwokoa ni vazi lake. Katika kimo kile kanieneo ya hewa ni ndogo hata maji huchemka kwa joto la kawaida la mwili wa mtu. Kwa hiyo kila rubani alivaa vazi lililojazwa hewa, mfano wa lile la wasafiri wa anga za juu, na kabla ya safari alivuta oksijeni tupu ili kuondoa naitrojeni katika damu yake. Vazi lile lilimkinga Weaver na baridi, na upepo, na uhaba wa hewa. Baada ya muda si mrefu alirudi kuruka.

JICHO LENYEWE

Ndege yote hii ilijengwa ili kuibeba kamera. Kamera hutazama kupitia kioo, na kioo cha kawaida kikipashwa moto huipinda picha. Wahandisi walitumia jiwe la kwatzi lililosafishwa, wakaliunganisha na titani kwa mitetemo ya sauti. Kazi ya dirisha hilo peke yake ilichukua miaka mitatu. Na kwa kuwa kosa dogo la njia katika mbio zile hukupeleka nchi nyingine, ndege ilikuwa na chombo cha kuzitafuta nyota hata mchana na kujua kwa hizo mahali ilipo.

Picha ya angani si jambo geni kwetu. Kati ya miaka 1946 na 1952 ndege za Lancaster za jeshi la anga la Uingereza, baadhi yao zikiwa na kituo Eastleigh mjini Nairobi, zilipiga picha sehemu kubwa za Afrika Mashariki kwa ajili ya kuchora ramani. Wengi wa askari waliojifunza kusoma ramani walijifunzia juu ya kazi ya namna hiyo. Nayo SR-71 ilifika jirani yetu mwezi wa Machi 1979, wakati wa vita kati ya Yemen mbili, iliporuka kutoka Mildenhall, Uingereza, ikapeleleza ng'ambo ya pili ya Bahari ya Shamu, ikarudi bila kutua njiani.

JULAI 1976

Sasa tulijibu swali la pili. Tarehe 28 Julai 1976, huko Kalifornia, SR-71 iliweka rekodi ya dunia ya kilomita 3,529 kwa saa. Siku 24 kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, makomando wa Israeli walitua Entebbe. Askari wengi wa Uganda walipoteza maisha usiku ule, na ndege za MiG za jeshi la anga zikaangamizwa zikiwa chini.

Katika maandalizi ya shambulio lile, kitu kilichowafaa sana wapangaji wake hakikutoka kilomita 24 angani. Jengo la uwanja lilikuwa limejengwa na kampuni ya Israeli, na michoro yake ilikuwa ingali imehifadhiwa. Tena baadhi ya mateka walikuwa wameachiliwa wakafika Paris, nao wakahojiwa: walinzi ni wangapi, wanasimama wapi, milango inafunguka upande gani. Hakuna kamera ambayo ingaliweza kuonyesha hayo kupitia paa.

Mfano wa pili u karibu zaidi na wakati wetu. Katika msako wa Joseph Kony na kundi lake la LRA, Marekani ilituma mwaka 2011 washauri wa kijeshi wapatao 100, na mwaka 2012 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba ndege ndogo za upelelezi, za injini moja, zilikuwa zikiruka kutoka Entebbe kuwatafuta waasi hao. Operesheni ilifungwa mwaka 2017, na Kony hakukamatwa. Msitu wa Afrika ya Kati una dari ya majani, na watu wachache wasiowasha redio wala moto hutoweka chini yake. Kundi lile lilidhoofishwa kwa kiasi kikubwa na askari waliofuata nyayo kwa miguu, na kwa habari za wale waliojisalimisha.

SR-71 ilistaafishwa mwaka 1990 kwa sababu ya gharama zake, ikarudishwa kwa muda mfupi, na mwezi wa Oktoba 1999 ikaruka kwa mara ya mwisho. Kazi yake ilishikwa na vyombo vinavyozunguka dunia, na na ndege zisizo na rubani. Jirani zetu wa Goma waliziona hizo. Zilipoanza kazi huko chini ya Umoja wa Mataifa mwezi wa Desemba 2013, zilikwenda polepole kuliko ndege nyingi za abiria. Na U-2, ile ya gogo juu ya mto, iliendelea kuruka miaka mingi baada ya mdogo wake mwenye mbio kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Mwenda pole hajikwai.

Basi turudi Abuku kwa askari wetu aliye zamu. Ndege ya kilomita 24 juu ingeweza kuipiga picha barabara yote ya Koboko hadi Arua kwa nukta chache, na kila gari lililo juu yake. Lakini isingejua kwamba mtu yule anayesukuma baiskeli kila asubuhi kwenda sokoni leo amepita usiku, na kwamba hakusalimu. Hilo hujulikana na askari aliyekaa na watu wa mahali pale, akawajua kwa majina, nao wakamwamini kiasi cha kumwambia.